Wanachuo wanafaulu somo la demokrasia alafu wanaenda kufoka shuleni, tatizo liko wapi?

Swali limetoka kwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, nalifupisha hivi: chuoni kwao kuna somo zima la demokrasia shuleni na ufundishaji shirikishi, wanachuo wanalifaulu vizuri tu, ila wakishaajiriwa, miezi michache baadae anakutana nao wamekuwa wale wale walimu wa "kaa chini, nani kakuuliza". Wakuu wa shule wanasema chuo kinawafundisha ndoto, chuo kinasema shule ndo zinawaharibu. Anauliza nani yuko sahihi, anauliza pia kama demokrasia darasani haiui nidhamu, na mwisho, kama angeweza kubadilisha kitu kimoja tu mwaka huu aanze na kipi.

Mwalimu, asante kwa kuuliza bila kuzunguka. Na mimi nitajibu hivyo hivyo hata kama utakereka kidogo: kwa ninavyoona chuo ndo kinaanza kuwaharibu, shule inakuja kumalizia tu.

Anza na hili. Mtu anapofika chuoni kwenu siku ya kwanza sio mgeni kwenye ualimu hata kidogo, ameshakaa darasani miaka zaidi ya kumi anawaangalia walimu wakifanya kazi. Mwanasosholojia mmoja wa Marekani, Dan Lortie, aliandika mwaka 1975 kwamba mwanafunzi mpaka amalize sekondari anakuwa ameshakaa mbele ya walimu kama saa 13,000 hivi, na huo ni uanagenzi kamili japo hakuna aliyemsajili. Shida ni kwamba anachokiona ni upande wa mbele tu. Anaona mwalimu amefoka na darasa likanyamaza, haoni mwalimu mwingine alivyokaa jioni anawaza fulani mbona wiki nzima hajaongea. Kwahiyo somo lako la muhula mmoja linapambana na saa 13,000, na siku darasa likimchemkia huyu mwalimu mpya, watoto wanapiga kelele, kipindi kinaisha, hajamaliza alichopanga, hatakumbuka notisi zako, atakumbuka mwalimu wake wa darasa la nne. Ni mkono tu unakwenda wenyewe.

Sasa angalia na hilo somo lenyewe linafundishwaje. Nimekaa nyuma ya madarasa ya vyuo mara nyingi na picha ni ile ile: mkufunzi mbele na slaidi zake, ukumbi umejaa, "andikeni, sifa za mwalimu wa kidemokrasia, ya kwanza, husikiliza maoni ya wanafunzi", kule nyuma mmoja ananyoosha mkono, anaambiwa maswali mwishoni, na mwishoni muda umeisha. Wale wanachuo wametoka na vitu viwili mule ndani, sifa nane za kukariri kwa ajili ya mtihani, na namna halisi ya kuendesha darasa. Hiyo ya pili ndo wanaenda nayo shuleni, na kusema kweli wameifundishwa vizuri sana.

Ukitoka darasani ni hivyo hivyo. Sheria za bweni nani alizitunga? Mwanachuo akiona alama zake za zoezi hazijakaa sawa, kuna njia ya kuuliza bila kuonekana mkorofi? Serikali ya wanachuo ina maamuzi gani mkononi mwake zaidi ya kupanga mahafali na kusimamia foleni ya chakula? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mwanachuo wa miaka ishirini na kitu naye ni hivyo hivyo. Ukitaka kujua chuo kiko wapi, pendekeza kwenye kikao wanachuo wawe wanawatathmini wakufunzi kila muhula na matokeo yajadiliwe nao waziwazi, alafu kaa pembeni usikilize. Watu wale wale walioandika moduli ya ushirikishwaji utawasikia wakisema hawa bado hawajakomaa. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Tuje shuleni, maana sitaki wakuu wa shule wapone kirahisi. Watu wakisema hali ya shule wanadhani ni rangi ya kuta na bustani mbele ya ofisi. Hali ya shule ni majibu ya maswali ya kila siku: hapa mtoto akikosea jibu anachekwa au la, mwalimu akiwa na shida anamwambia nani, sheria inambana nani na inamruka nani, habari mbaya zinamfikia mkuu mapema au anakuja kuzisikia mwisho kabisa. Kipimo changu cha haraka ni kikao cha walimu. Ukikuta mkuu anaongea saa nzima alafu zinabaki dakika tano za "mengineyo" huku watu wanaangalia saa, usihangaike kwenda madarasani, unajua tayari utakuta nini. Mwalimu ambaye hasikilizwi na mkuu wake atamsikiliza mtoto kwa kutumia akiba ipi? Na mwalimu mpya anapokelewa kwenye ofisi ya walimu na ile sentensi maarufu, "ya chuoni yaache chuoni", na hao wakongwe sio watu wabaya, wanamsaidia kwa jinsi wanavyojua, wanamwonyesha namna ya kumaliza siku akiwa hai.

Hili la walimu wenyewe kuwa na sauti sio fadhila. Lile Pendekezo la ILO, yaani Shirika la Kazi Duniani, na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu, la tarehe 5 Oktoba 1966, ambalo ndo chanzo cha Siku ya Walimu Duniani, linataka walimu washiriki kwenye kuandaa masomo mapya na vitabu, na linasema ukaguzi uwe wa kumsaidia mwalimu kufanya kazi yake, usimpunguzie uhuru wala ubunifu wala wajibu wake. Kumbuka hilo neno la ukaguzi nitalirudia.

Nidhamu sasa. Hapa ndo penye hofu kubwa na naielewa. Ila hofu nyingi inatokana na watu kuchanganya vitu viwili, kuongoza kidemokrasia na kuachia mambo yaende yenyewe. Kuna utafiti wa zamani sana wa chuo kikuu cha Iowa, wa Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White, ulitoka 1939. Waliunda vikundi vya watoto wa kiume wa miaka kama kumi, vya kazi za mikono baada ya masomo, wakawapa viongozi wa aina tofauti. Kwenye vikundi vya kiongozi mbabe kazi ilienda sana akiwepo, akitoka tu chumbani inadorora, na watoto ama wanagombana na kumchagua mmoja wa kumwonea au wanakuwa wapole ule upole wa kukata tamaa. Kwenye vikundi vya kidemokrasia kiongozi akitoka kazi inaendelea. Na kile kikundi cha kuachiwa tu kilifanya kazi kidogo na vurugu nyingi.

Kinachonifurahisha mimi kwenye hii habari ni kwamba aina ya tatu haikupangwa mwanzoni. White alikuwa ameambiwa aongoze kidemokrasia, ila alivyofanya ikatokea kuwa ni kuwaachia tu watoto, Lewin akaona hii sasa ni kitu kingine kabisa, wakaiweka kama kundi lake. Hebu fikiria, mtafiti mwenyewe aliyesoma mambo haya, akiambiwa ongoza kidemokrasia, kilichotoka ni kukaa pembeni. Sasa mwanachuo wako wa miaka ishirini na mbili unategemea nini? Atajaribu wiki mbili, ataacha mambo yajiendee, darasa litamlemea, kisha atarudi kwenye ubabe akiwa na ushahidi kabisa kwamba demokrasia haifanyi kazi. Na yuko sahihi kwa alichokifanya, ila alichokifanya hakikuwa demokrasia. Hii ndo njia wengi wanayopitia, sio kwamba walidanganya kwenye mtihani.

Kwahiyo kinachotakiwa kufundishwa ni mipaka. Watoto hawapigi kura kama saba mara nane ni hamsini na sita, hawapigi kura kumtenga mwenzao, hawapigi kura kuhusu usalama. Wanaweza kuamua kweli kuhusu utaratibu wa kazi za vikundi, nani anaongea lini, vitu vya darasa vinatunzwaje, mtu akiharibu cha mwenzake tunafanyaje. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 wenyewe, kifungu cha 12, unasema maoni ya mtoto yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake, haukusema mtoto ndo mkuu wa shule, na kifungu cha 28 kinataka nidhamu ya shule iendane na utu wa mtoto. Kilicho kibaya kuliko vyote ni demokrasia ya maigizo, mnawaambia watoto wachague viranja, wanachagua, alafu jina la yule msemaji linakatwa ofisini kimya kimya. Bora mngeteua tu tokea mwanzo, maana pale mmefundisha somo moja gumu sana kulifuta.

Mfano ninaoupenda kwenye hili ni wa Janusz Korczak, daktari wa Poland aliyeendesha kituo cha watoto yatima Warsaw kuanzia 1912. Kituoni walikuwa na mahakama ya watoto, mahakimu watano wanapatikana kwa kura ya bahati kati ya watoto ambao wiki ile hawana kesi. Mtoto anaweza kumshtaki mwenzake, na anaweza kumshtaki mlezi, Korczak mwenyewe alifikishwa mbele yao zaidi ya mara moja. Vifungu vya mwanzo vya ile sheria yao karibu vyote vilikuwa vya kusamehe, kwa namna mbalimbali, alikosea bila kujua, alijuta, hatarudia, na adhabu nzito ziko mbali kabisa mwishoni. Angalia hapo kulikuwa na utaratibu mzito, wa maandishi, wenye tarehe na hukumu zinasomwa mbele ya wote, sio mahali pa kila mtu afanye anavyotaka. Nidhamu ilikuwepo sana, ila ilikuwa inambana na mkubwa pia. Korczak aliuawa pamoja na watoto wake kwenye kambi ya mauaji ya Wanazi ya Treblinka mwaka 1942.

Alafu kuna ujuzi mdogo mdogo ambao vyuo vinaudharau kwasababu hauna jina kubwa. Mimi ningeupa muda kuliko nadharia zote. Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi huko Marekani, miaka ya 1970 alisikiliza kanda za madarasa mengi akapima mwalimu akiuliza swali anasubiri muda gani kabla ya kumrukia mwingine au kujijibu mwenyewe. Wastani ulikuwa kama sekunde 1. Moja! Walimu walipozoezwa kusubiri sekunde 3 au zaidi majibu yakawa marefu, waliosema "sijui" wakapungua, watoto wakaanza kuulizana wenyewe, na hata matukio ya kukemea yakapungua. Na kulikuwa na jambo lingine baya zaidi, wale watoto ambao mwalimu anawaona ni wakali walikuwa wanasubiriwa kwa muda mrefu kuliko wale anaowaona dhaifu. Hapo hakuna sera, hakuna mwongozo wa wizara, ni sekunde tu, ila mtoto anajua kabisa nani anahesabika mule darasani.

Hili unaweza kulifanyia kazi wiki hii hii. Zile dakika kumi za wanachuo kufundishana wenyewe kwa wenyewe, mmoja aweke simu mezani arekodi, baadae wakae wawili wawili na saa ya simu nyingine wahesabu sekunde baada ya kila swali, waandike na jina la aliyeulizwa. Kimya cha sekunde tatu mbele ya darasa kinatisha kuliko unavyodhani, utawaona wanachuo wanatokwa jasho, wanarudia swali, wanaligeuza, wanatoa nusu ya jibu. Wakishaweza kukaa nacho hicho kimya nusu ya kazi imeisha.

Kitu kingine cha kuzoeza ni mada zenye ubishi. Mwalimu mpya anaziruka zote kwa kuogopa kuonekana mwanasiasa, na chuo hakijawahi kumpa nafasi ya kujaribu mahali salama. Wajerumani walikaa kwenye mji mdogo unaitwa Beutelsbach mwaka 1976, walimu na wataalamu wa elimu ya uraia wa mirengo iliyokuwa inapingana vikali, na kilichotoka pale ni makubaliano ya mambo matatu: mwalimu asimzidi nguvu mwanafunzi kumlazimisha maoni yake, jambo lenye ubishi kwenye jamii lionekane na ubishi wake darasani, na mwanafunzi asaidiwe kuchambua hali yake na maslahi yake mwenyewe. Ukimpa mwanachuo haya matatu na mada moja moto, ukamwambia endesha dakika ishirini wenzio wakijifanya darasa, atajifunza mengi kuliko kwa kuandika insha. Na faida yake sio ya kufikirika. Utafiti wa IEA, shirika la kimataifa linalopima matokeo ya elimu, wa mwaka 1999 kwa vijana wa miaka 14 kama 90,000 kwenye nchi 28 ulionyesha kwamba pale wanafunzi wanapoona darasa lao liko wazi kwa majadiliano, wanajua zaidi mambo ya uraia na wana mwelekeo zaidi wa kusema watapiga kura wakiwa wakubwa. Utafiti wa namna hiyo peke yake hauwezi kusema kipi kimesababisha kipi, tuwe wakweli, ila nchi 28 sio chache.

Sasa swali lako la mwisho, kitu kimoja tu. Najua unategemea niseme badilisha mtaala wa ile moduli. Hapana, iache ilivyo. Badilisha fomu ya kukagua mazoezi ya kufundisha.

Chukua fomu mnayotumia usome vipengele. Andalio la somo lipo, azimio la kazi lipo, zana zipo, sauti inasikika, ubao umepangwa, amelidhibiti darasa, amemaliza kwa wakati. Sasa kaa kwenye viatu vya mwanachuo siku umeingia darasani kwake, umekaa nyuma na kalamu. Mtoto ananyoosha mkono anauliza swali zuri ambalo haliko kwenye andalio. Mwanachuo anamwangalia mtoto, anakuangalia wewe, anaangalia saa, alafu anasema "swali zuri, tutaliangalia kipindi kijacho", na hicho kipindi kijacho wote tunajua hakiji. Fomu yako inampa alama zote pale. Angelifuata lile swali angepoteza alama za muda na za andalio. Yaani kwa macho yetu wenyewe tumemlipa kwa kumnyamazisha mtoto, alafu tunalaumu shule.

Kwahiyo ondoa vipengele viwili vitatu vya mapambo uweke vya aina hii: wanafunzi wangapi tofauti wameongea, na sio wale watano wa mbele tu. Kuna swali limetoka kwa mwanafunzi, na lilipotoka mwalimu alifanya nini nalo. Jibu likikosewa, aliyekosea amebaki na heshima yake? Mwalimu alisubiri baada ya kuuliza? Kuna sheria ya darasa ambayo mwanafunzi anaweza kukueleza sababu yake ukimuuliza wakati wa kutoka? Vyote hivi vinahesabika au vinaonekana kwa macho, havihitaji falsafa.

Fomu hiyo usiiandike peke yako ofisini. Kaa na wanachuo wa mwaka wa mwisho ambao wameshapitia mazoezi, waulize nini waliwahi kukifanya kwa ajili ya mkaguzi tu na hawangekifanya asingekuwepo, utapata orodha ndefu na baadhi itakuuma. Ongeza walimu walezi kutoka shule mnazopeleka wanachuo, maana hao ndo wanakaa nao kila siku, wewe unaenda mara chache. Na baada ya kukagua, badala ya kuanza kumsomea mapungufu yake moja baada ya lingine huku ameinamisha kichwa, anza wewe kumuuliza aliona nini, na unyamaze hizo sekunde tatu. Kama mazungumzo ya mkaguzi na mwanachuo ni ya upande mmoja, fomu mpya haitasaidia kitu.

Wakufunzi wenzio watakuambia hii itashusha viwango, kwamba maandalio yatakuwa mabovu. Wakubalie andalio libaki na alama zake, ugomvi wa andalio hauna faida. Wengine watasema wakuu wa shule hawatakubali kelele darasani. Hao wafuate mapema, fomu ikishakuwa tayari wapelekeeni kabla wanachuo hawajaripoti, mkae nao muwaonyeshe kila kipengele kinatafuta nini, sio mkufunzi anafika getini siku ya ukaguzi na karatasi ambayo hakuna mtu shuleni amewahi kuiona.